Patasi iliyokataa makali

Ilikuja imefungwa kwenye kitambaa, na mwenyewe alianza kujitetea hata kabla sijaifungua. "Fundi, nadhani niligonga msumari," alisema. Ni mchongaji wa siku nyingi, dada anayependa miti migumu, na patasi hii ndiyo mkono wake uliyoizoea kuliko zote alizonazo. Upana wake ni milimita 20, bamba limepinda kama mfereji, mkunjo wa wastani. Kwa orodha ya Sheffield, inayozipa patasi namba kulingana na mkunjo wake na kuanza na patasi bapa namba 1 na kufikia nusu duara kwenye namba 9, hii ingekaa namba 7 hivi. Theluthi moja kutoka kona ya kushoto palikuwa na pengo lenye kina cha milimita 2. Mpini ulikuwa umepasuka. Ndani ya mfereji kulikuwa na weusi ambao sikuutilia maanani.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu nilikosea mara mbili kwenye kifaa kimoja, na makosa yote mawili yalitoka kwenye ule weusi nilioupuuza.

Pengo lilivyokuwa

Kabla ya kugusa jiwe nilichukua lenzi. Patasi iliyogonga msumari huonyesha chuma kilichobondeka: ukingo wa pengo hung'aa, umelala upande mmoja, na mara nyingi pana mkwaruzo unaopanda kuelekea nyuma kwenye mshazari, yaani ule uso wa nje ulioinama unaoishia kwenye makali. Hapa hapakuwa na kitu cha aina hiyo. Pengo lilikuwa na umbo la mwezi mwandamo, kingo zake zimevunjika kavu, na palipovunjika pana rangi ya kijivu yenye chembechembe. Chuma kigumu kikipindwa kupita uwezo wake huvunjika hivyo. Nikamuuliza kama huwa anamalizia mkato kwa kubetua, yaani kuukandamiza mpini chini ili kibanzi king'oke, kama mtu mwenye mtaimbo.

Akacheka. "Sasa fundi, nani habetui?"

Kweli, sote tunabetua. Lakini tunabetua kwa patasi zenye makali ya unene tofauti, kwa hiyo nikapima na mshazari. Kazi hii haihitaji kipimapembe. Ukijua unene wa bamba na urefu wa uso wa mshazari, unaijua pembe: urefu ukiwa mara mbili ya unene una nyuzi 30, ukiwa mara tatu una nyuzi 19 na nusu. Bamba hili lina unene wa milimita 3 na mshazari ulikuwa na urefu wa milimita 10 na nusu, karibu nyuzi 17. Kwenye mti laini pembe hiyo inapita kama wembe. Kwenye mti mgumu wenye mafundo inaomba kuvunjika. Nyuzi 20 hadi 25 ndizo zinazovumilia kazi ya kila siku, na wapo wanaopanda mpaka 30 mti unapokuwa mgumu sana. Aliyeinoa kabla yangu alikuwa ameurefusha mshazari, nadhani kwa nia njema ya kupata makali ya kuvutia.

Basi nikawa na maelezo: makali membamba, mti mgumu, mkono unaobetua. Yalikuwa maelezo mazuri na ya kweli, na yalinitosheleza kiasi kwamba niliacha kuangalia.

Kuyaua makali kwanza

Ukiletewa patasi yenye pengo, tamaa ya kwanza ni kuendelea kusugua mshazari kama kawaida ukitumaini kuwa pengo litaisha taratibu. Haliishi. Mkono unaelemea pale palipo na pengo, na baada ya saa nzima una patasi yenye bonde katikati na kona zilizochomoza kama masikio. Pengo huondolewa kwa kuyaua makali yenyewe. Niliisimamisha patasi wima juu ya jiwe, kama kalamu inayotaka kutoboa karatasi, nikaisugua ncha mpaka ikawa butu na bapa kutoka kona hadi kona na pengo likapotea. Mwenye patasi alikuwa amesimama pembeni, na usoni ungedhani ninamnyoa mtoto wake upara.

Baada ya hapo unahitaji taa. Ukiielekeza ncha kwenye mwanga utaona mstari mweupe unaometa. Huo ndio ubutu, kwa sababu makali halisi hayana uso wa kuakisi chochote. Kuanzia hapo kazi yote ni kuufuata mstari ule. Ulipo mnene, ondoa chuma kwenye mshazari ulio chini yake. Ulipo mwembamba, paache. Watu wengi wananoa kwa mazoea ya mkono na kusahau kuutazama, halafu wanashangaa kwa nini patasi inakata katikati na kukwama pembeni.

Nilianza na grainda ya mwendo wa taratibu, mizunguko kama 1,400 kwa dakika, yenye jiwe jeupe la oksidi ya alumini la chembe 80. Niliiviringisha patasi kutoka kona moja hadi nyingine bila kuisimamisha mahali pamoja, miwani machoni, na kuichovya majini kila baada ya kupita mara mbili au tatu. Mstari ulipobaki mwembamba kama uzi nilizima mashine. Nusu milimita ya mwisho siipi grainda hata nikiwa na haraka gani. Hapo chuma ni chembamba na joto halina pa kukimbilia.

Yaliyobaki niliyafanya kwa mkono: jiwe la chembe 1,000, kisha la 6,000. Patasi iliyopinda hunolewa kwa miendo miwili kwa pamoja, mkono ukienda kushoto na kulia juu ya jiwe huku kifundo kikiiviringisha ili kila sehemu ya mkunjo iguse kwa zamu. Ukizidisha kuviringisha, kona zinaliwa na ncha inakuwa kama ukucha. Ukipunguza, kona zinabaki na mstari mweupe. Mshazari niliufupisha kufikia milimita 9, yaani nyuzi 19 na nusu. Mstari ulipotoweka, upande wa ndani ukatokea kile kijikunjo chembamba cha chuma unachokihisi kwa kidole kabla ya kukiona. Nikakiondoa kwa jiwe dogo la mviringo ndani ya mfereji, nikamaliza kwa kipande cha ngozi kilichopakwa dawa ya kijani ya oksidi ya kromi, nikivuta kurudi nyuma tu. Ukiisukuma mbele utaikata ngozi.

Nikaijaribu kwenye kipande cha msonobari, kukatiza nyuzi za mti. Mkato ulitoka unang'aa kama uliopakwa vanishi. Nikampigia simu aje kuichukua, na nakiri nilijisikia fundi.

Kurudi kwa kwanza

Siku mbili baadaye akaileta.

Safari hii hapakuwa na pengo. Upande wa kushoto, kuanzia konani na kuingia ndani kama milimita 5, makali yalikuwa yamejilaza kuelekea ndani ya mfereji kama ukurasa uliokunjwa pembe. Kitu hicho kilinisimamisha. Mara ya kwanza chuma kilivunjika, mara hii kimepinda. Kinachovunjika ni kigumu, kinachopinda ni laini, na hapa vyote viwili vilikuwa kwenye bamba moja la milimita 20.

Nikatafuta tupa ndogo, mpya. Kwenye chuma kilichokazwa vizuri tupa huteleza na kutoa mlio mkali, kama inayopita juu ya kioo. Niliigusisha kwenye kona ya kulia, ikalia na kuteleza. Kwenye kona ya kushoto iling'ata, ikaacha vumbi la chuma kwenye kidole changu. Sikuhitaji kipimo kingine.

Ndipo nikaigeuza patasi na, kwa mara ya kwanza, nikatazama ndani ya mfereji kwa utulivu, taa ikiwa imelazwa pembeni. Upande wa kushoto, nyuma kidogo ya pale jiwe langu dogo lilipokuwa limegusa, rangi zilikuwa zimepangana kama pindo la kanga: kijivu kilichopauka karibu na makali, kisha buluu, zambarau, hudhurungi, na mwishoni njano ya nyasi kavu iliyofifia kuelekea nyuma.

Rangi hizo ni utando wa oksidi, na kila moja ina joto lake. Njano ya nyasi hutokea kwenye nyuzi joto kama 220 za Selsiasi, hudhurungi karibu na 260, zambarau 280, buluu kwenye 300 hivi. Kijivu kinachofuata maana yake joto lilipita hapo na kuendelea. Patasi ya kuchongea baada ya kukazwa hupunguzwa ukavu kwa joto lililo karibu na ile njano, na ugumu wake hubaki kama 58 hadi 61 kwa kipimo cha Rockwell C. Ikishafika buluu, ugumu ule umeondoka, na kuitumbukiza majini baadaye kunaipoza tu, hakurudishi kitu. Mtu alikuwa ameiunguza kona hii kwenye grainda, akaona rangi, akaona aibu, akaisafisha kwa msasa. Aliisafisha kwa nje. Rangi ikaondoka, ulaini ukabaki, na ndani ya mfereji msasa wake haukufika. Ushahidi wote ulikuwa umelala pale siku ile nilipokuwa nikijipongeza kwa kupima pembe.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuikaza upya: kuipasha mpaka sumaku isiinase, ambako ni karibu nyuzi 770, kupanda kidogo juu ya hapo, kuichovya kwenye mafuta, kisha kuirudisha kwenye oveni kwa nyuzi 200 hadi 220 kwa saa moja au mbili. Inafanyika, na chuma cha kawaida cha kaboni hakina makuu. Lakini bamba jembamba lililopinda hupoa kwa kasi zisizolingana upande na upande, na patasi niliyowahi kuifanyia hivyo ilitoka ikitazama kushoto. Juu ya hapo, moto wa wazi hula kaboni ya uso wa chuma, kwa hiyo hata ikitoka imenyooka bado utasugua kutafuta chuma kizuri chini yake. Kwangu njia hiyo ni ya patasi ambayo haina pengine pa kwenda.

Njia ya pili ni kukata. Bamba lilikuwa bado na milimita zaidi ya 80 mbele ya bega, na hudhurungi ilikoma milimita 4 nyuma ya makali. Niliondoa milimita 5. Nilimweleza kwenye simu, akanyamaza kidogo, akasema, "Wewe kata, fundi, mimi sitaki kuiona ikikatwa."

Nikarudia kazi yote tangu mwanzo: wima juu ya jiwe, mstari mweupe, grainda, kinoo. Kabla ya kumalizia niligusisha tupa kwenye kona zote mbili. Zote zililia.

Mistari mitatu

Nikakata msonobari. Njia ya patasi ilikuwa inang'aa, isipokuwa mistari mitatu myeupe iliyokwaruzwa kwenye mkato, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Mti ukikatwa na makali yenye kasoro ndogo hata jicho lisiweze kuiona, nyuzi hazikatiki pale, zinachanwa, na palipochanwa panabaki peupe. Lenzi ilinionyesha vipengo vitatu vidogo sana.

Si neno, nikasema, vimebaki kutoka kwenye grainda. Nikarudi kwenye jiwe la 1,000 na kusugua mpaka vikaisha. Nikapanda 6,000, ngozi, msonobari. Mistari miwili ilikuwa imeondoka. Wa tatu ulikuwepo, na mwingine mpya ulikuwa umezaliwa mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nikarudi tena. Ukaisha huu, ukaja ule. Mara nne nilirudi kwenye jiwe, kama mtu anayefukuza kuku gizani, na kila mara patasi ilikuwa inapungua.

Nilipochoka kusugua ndipo nilipofikiri. Makali ni pale nyuso mbili zinapokutana, mshazari wa nje na uso wa ndani wa mfereji. Mimi nilikuwa nimeufanya uso wa nje uwe kioo, na ndani nikapapasa kwa jiwe dogo ili kuondoa kijikunjo tu. Kama uso wa ndani una mashimo, basi kila unapousogeza mshazari nyuma unakutana na shimo jingine, na shimo hilo likikatwa katikati linakuwa pengo. Unaweza kunoa nje mpaka umalize bamba zima.

Ule weusi niliouona siku ya kwanza haukuwa uchafu. Ulikuwa kutu ya zamani iliyokwisha kulala, imepakwa mafuta ikawa laini ukiigusa, na chini yake uso ulikuwa na vishimo kama ngozi ya mtu aliyewahi kuugua ndui. Vingi vilikuwa vya juujuu. Vichache vilikuwa na kina, kwa makadirio yangu, cha sehemu mbili za kumi za milimita.

Hapa kazi ilibadilika kabisa. Nilichonga kijiti cha mti laini, mviringo wake ukiwa mdogo kidogo kuliko wa mfereji. Kikiwa sawasawa au kikubwa kitasugua kingo mbili za pembeni na kuacha katikati. Nikakizungushia msasa wa 320, nikaifunga patasi kwenye jiliwa ikiwa imelala chali, nikasugua kwa urefu wa bamba, kijiti kikilala kabisa ndani ya mfereji. Kosa la hapa ni kukiinamisha kijiti kinapofika ukingoni. Kikiinama kinaibia makali chuma na kuyafanya ya duara, na unakuwa umeharibu kutoka ndani kile ulichotengeneza kutoka nje. Baada ya 320 nikaenda 400, 600, 1,000. Sikusafisha mfereji wote. Milimita 15 za mwanzo zilitosha, kwa sababu hizo ndizo zitakazokuwa makali kwa miaka mingi ijayo. Nyuma ya hapo kutu ina haki ya kukaa.

Ilichukua jioni nzima. Vishimo vya juujuu viliisha. Vile vyenye kina vilibaki, na kuvifuata kwa msasa kungenilazimu kulipunguza bamba unene mahali pasipotakiwa. Kwa hivyo nilifanya jambo ambalo wachongaji wengine hulipinga: nikaweka mshazari mdogo wa ndani. Kwa jiwe dogo la mviringo lililoinuliwa kama nyuzi 7, nilisugua ndani ya ukingo mpaka ukapatikana uso mpya wenye upana wa milimita 2. Mshazari wa nyuzi 7 wenye upana huo unashuka robo ya milimita pale kwenye makali, kina cha kutosha kuyapita mashimo yaliyokuwa yakinisumbua.

Wanaoupinga wanasema unanenepesha makali, na wana haki: nyuzi 19 na nusu za nje ukijumlisha 7 za ndani unapata zaidi ya 26. Lakini dada huyu anachonga mti mgumu, na anabetua. Unene ule ndio aliokuwa anauhitaji tangu siku ya kwanza, tena ukiwekwa ndani, mshazari wa nje unabaki mrefu na patasi inaendelea kulala chini karibu na mti. Faida nyingine aliigundua mwenyewe: patasi ikigeuzwa kifudifudi ili kuzungusha ukingo wa mviringo, haizami tena ndani ya mti.

Mkato wa msonobari ulitoka bila mstari hata mmoja. Niliukata mara kumi zaidi kwa kutoamini.

Mpini

Mpini hauna hadithi ndefu. Ulipasuka kwa kupigwa nyundo ya chuma. Gundi isingeufaa, nikatengeneza mwingine wa mti mgumu ulionyooka nyuzi, nikatoboa tundu kwa hatua mbili, jembamba ndani na pana mdomoni, ili mkia wa patasi uingie kwa kubana bila kuupasua. Kitu pekee cha kuangalia ni unyoofu: ukifumba jicho moja na kutazama kutoka kitakoni mwa mpini, bamba lisiende upande. Nikampa na rungu la mti, nikamwambia nyundo aiachie misumari.

Alipoichukua nilimketisha chini ya taa na kumpa lenzi. Nilimwonyesha shimo moja lililobaki kona ya kulia, milimita 11 nyuma ya makali, ambalo ni refu kuliko yote na msasa haukuliweza. Kwa jinsi anavyonoa, akitumia ngozi kila siku na jiwe mara mojamoja, litachukua miaka kufika mbele. Likifika, ataona mstari mweupe mmoja upande wa kulia wa mkato. Nimepiga alama ya tupa kwenye mgongo wa bamba, sawa na pale lilipo.